Kuiga na Kubuni: Umbo la Gari la Nissan Z

Si kawaida ya vitabu vya utamaduni kuhakiki gari. Tumezoea kukuta ndani yake shairi, kinyago, ngoma au mlango wa nakshi, na mwalimu atakayefungua kurasa hizi huenda akajiuliza chuma cha kigeni kimeingiaje humu. Jibu letu ni fupi. Bodi ya gari huchorwa kwa kalamu na kufinyangwa kwa udongo kabla haijatengenezwa kwa bati. Kwa hiyo ina fani, na penye fani mhakiki ana kazi. Tena swali linaloulizwa juu ya gari hili ndilo lililowashughulisha wahakiki wetu tangu ulipozuka ubishi wa mashairi ya kimapokeo na mashairi huru: je, umbo hili ni la mwenyewe, au limeazimwa?

Gari tunalolikusudia ni Nissan Z. Mwezi Septemba 2020 kampuni ya Nissan ya Japani ilionyesha gari la mfano lililoitwa Z Proto. Agosti 2021 gari kamili likazinduliwa mjini New York, na mwaka 2022 likaanza kuuzwa. Ni gari la spoti la watu wawili, lenye boneti ndefu na paa linaloteremka moja kwa moja hadi mkiani. Yeyote anayeyajua magari ya zamani hahitaji kuambiwa anamtazama nani. Mdomo wa mstatili ni wa Datsun 240Z, gari la mwaka 1969. Herufi Z iliyozungushiwa duara, kwenye nguzo ya nyuma ya mlango, imetoka huko huko. Saa tatu ndogo zilizopangwa juu ya dashibodi, vivyo hivyo. Taa za nyuma zimechukuliwa kwa 300ZX ya mwaka 1989. Wachoraji hawakuficha, kiongozi wao, Alfonso Albaisa, alieleza waziwazi kwamba walirudi kwa wazee wa ukoo huo na kuchagua.

Basi watazamaji wakagawanyika. Wako waliosema kwamba hili si gari jipya bali ni picha ya marehemu iliyotiwa rangi. Wengine wakajibu kwamba mtu hawezi kuiba mali ya babake. Mrithi akivaa kanzu ya ukoo, nani atamwita mwizi? Sisi tunaona kwamba pande zote mbili zimeharakisha kutoa hukumu, kwa sababu zote zinahesabu mistari inayofanana bila kuuliza kila mstari ulizaliwa kwa haja gani. Na huwezi kuuliza hivyo juu ya mwana kabla hujauliza juu ya baba.

Maana baba naye alishtakiwa. Datsun 240Z ilipotokea mwezi Oktoba 1969, wengi waliona ndani yake Jaguar E-type ya Uingereza, iliyoonyeshwa Geneva mwaka 1961. Mashtaka hayo hayakuwa ya uongo mtupu. Ukiyasimamisha magari hayo mawili ubavu kwa ubavu, mkao ni mmoja: pua ndefu mbele, dereva amekaa nyuma karibu na magurudumu ya nyuma, kioo cha nyuma kimelala juu ya mlango wa mizigo. Toyota 2000GT, iliyoanza kuuzwa mwaka 1967, ilikuwa na mkao huo huo. Mwanafunzi mwenye macho atasema mara moja, "Wameiga." Tunamwomba asogee karibu zaidi.

Jaguar ilichorwa na Malcolm Sayer, mtu aliyetoka katika kazi ya ndege, ambaye mikunjo ya bodi aliikokotoa kwa hesabu kabla ya kuiacha iende karakana. Alikuwa amekwisha kuchora Jaguar D-type, gari la mashindano lililoshinda Le Mans mwaka 1955, 1956 na 1957, na E-type ni mtoto wa gari hilo. Ndiyo sababu mdomo wake ni mdogo na wa mviringo kama yai, mkia wake unasinyaa, na boneti yake pamoja na madigadi ya mbele ni kipande kimoja kikubwa kinachofunuliwa kuelekea mbele. Kila kitu humo kinazungumza habari ya upepo.

240Z haizungumzi habari hiyo. Mdomo wake ni wa mstatili, taa zake zimezama katika mashimo yaliyochongwa kwenye madigadi, mkia wake umekatwa wima kama mkate, na madigadi yake ya mbele yamefungwa kwa bolti ili lililogongwa lifunguliwe na kubadilishwa peke yake. Boneti ni ndefu kwa sababu chini yake pana injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na injini hiyo haikubuniwa kwa anasa: ilikuwa ya ukoo mmoja na ile ya silinda nne ya Datsun 1600, iliyoongezwa silinda mbili, lita 1.6 ikawa lita 2.4. Huko Marekani gari hili liliuzwa kwa dola 3,526, wakati Jaguar ilihitaji zaidi ya dola 5,000. Kwa hiyo wachoraji wa Japani waliupokea mkao uliokwisha kujulikana wakauuliza swali ambalo Sayer hakuulizwa: umbo hili laweza kuwa la mtu wa mshahara? Bolti, bati na mkia uliokatwa ndilo jibu lao. Huko kwetu ni kuazima, naam, lakini kuazima kunakolipa.

Fasihi yetu inao mfano. Utenzi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, umechukua habari za vita kutoka Arabuni na hati yake ni ya Kiarabu. Lakini beti zake ni za mizani minane, na kina cha bahari kinachorudi mwishoni mwa kila ubeti kinaushikilia utenzi mzima kama uzi ushikavyo shanga. Hatumjui mhakiki makini anayesema leo kwamba Waswahili waliiga tu.

Barabara zetu nazo zilipata kulipima gari hili, ingawa kwa kipimo kingine. Mbio za Safari zilipokuwa bado za Afrika Mashariki, Datsun 1600 SSS ilishinda mwaka 1970. Mwaka uliofuata Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda kwa 240Z. Na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews, akashinda kwa 240Z tena. Ushindi hauthibitishi uasilia, na tusingependa mwanafunzi aandike hivyo katika mtihani. Unathibitisha jambo dogo zaidi: kwamba chini ya bodi ile iliyoitwa nakala palikuwa na gari lililojengwa kwa shida zake lenyewe, na shida hizo zilikuwa karibu na mashimo na vumbi letu kuliko zilivyokuwa karibu na lami laini ya Le Mans.

Kuna jambo jingine katika kesi ya baba ambalo tunaliona zito kuliko yote. Kwa miaka mingi iliandikwa, na wengine wangali wakiandika, kwamba 240Z ilichorwa na Albrecht Goertz, Mjerumani aliyehamia Marekani, yule aliyechora BMW 507 katika miaka ya hamsini. Ni kweli kwamba Goertz alikuwa mshauri wa Nissan katika miaka ya sitini. Lakini gari hili lilitoka katika chumba cha wachoraji wa Nissan wenyewe, chini ya Yoshihiko Matsuo, naye na wenzake walilazimika kulisema hilo tena na tena. Kwa nini uvumi ule ulipata miguu? Kwa sababu ulikuwa mtamu kwa wale waliokwisha kuamua kwamba Wajapani hawawezi kubuni. Wakiona kazi mbaya husema ni yao; wakiona nzuri humtafuta Mzungu aliyepita karibu.

Msomaji wetu ataitambua sauti hiyo. Kuta za Zimbabwe Kuu ziliwahi kupewa Wafoinike. Misikiti na majumba ya Kilwa na Gedi yalielezwa kwa muda mrefu kuwa kazi ya wageni waliotoka ng'ambo ya bahari, kana kwamba wenyeji walikuwa wakiyatazama tu yakijengwa. Wachimbuzi wa baadaye walionyesha miji ya Waswahili ikikua kutokana na vijiji vya wenyeji wenyewe, huku ikipokea mengi kutoka baharini. Ndiyo maana tunasema kwamba swali la nani ameazima kwa nani si la kuchezea. Neno "nakala" likitamkwa kabla ya uchunguzi linaweza kumnyang'anya mtu kazi ya mikono yake.

(Tukiwa hapo, hata jina lilikuwa na safari yake. Nchini Japani gari hili huitwa Fairlady Z, jina lililotokana na mchezo wa kuimba wa My Fair Lady, ambao rais wa Nissan aliuona Marekani ukampendeza. Mchezo huo nao ulitokana na tamthilia ya Bernard Shaw, naye Shaw aliokota kisa kwa Wayunani wa kale. Yutaka Katayama, aliyeiongoza Nissan huko Marekani, hakulitaka jina hilo, akahakikisha gari linauzwa kwa jina la 240Z.)

Sasa turudi kwa mwana, na tumuulize yale yale. Boneti yake ndefu ina haja gani? Injini yake ni ya lita 3.0, silinda sita, lakini si za mstari mmoja: tatu zimeelekeana na tatu kwa umbo la herufi V. Injini ya namna hiyo ni fupi. Kilichorefusha pua ya baba hakimo tena katika pua ya mwana. Urefu umebaki kama vazi. Chasisi nayo si mpya, kwa kuwa inatokana na ile ya 370Z iliyotangulia. Hapa wale wanaosema "picha ya marehemu" wana hoja, ingawa wengi wao wanaielekeza mahali pasipohusika.

Maana wao hulaumu zaidi ule mdomo, shoo ya mbele kama mafundi wetu waiitavyo, eti ni pango. Nasi hatuupendi. Lakini mdomo ndio sehemu yenye sababu ya leo. Injini hii ina turbo mbili na nguvu farasi 400, nayo inahitaji upepo mwingi wa kuipoza kuliko injini ya mwaka 1969 ilivyohitaji. Upana wake basi si uigaji. Kosa ni jingine, na ni kosa la mwigaji asiyetazama vizuri. Katika 240Z, mbele ya mstatili ule ilipita bampa nyembamba ya chuma king'aacho, ikaukata mdomo na kuupa midomo miwili, wa juu na wa chini. Mchoraji wa gari jipya alichukua mstatili, akaiacha bampa, kwa kuwa siku hizi bampa hufichwa ndani ya plastiki. Kilichobaki ni shimo moja lisilo na pumziko. Aliukumbuka mstari wa nje wa kitu, akasahau kilichoufanya upendeze. Mwaka 2023, toleo lililoitwa Nismo lilipotoka, mdomo ulikuwa umekatwa kwa ubapa unaopita katikati, na mara gari likapata uso.

Kwenye taa hali ni tofauti kabisa, na hapa tunaomba msomaji akae nasi kidogo. Katika miaka ya sabini palikuwa na toleo la Japani lililoitwa 240ZG, ambalo taa zake zilifunikwa kwa kifuniko angavu kilichobinuka. Mwanga ulipoangukia kifuniko hicho, juu na chini ya taa ulitokea mng'ao wa mviringo. Hakuna aliyeuchora mng'ao huo. Haukuwa kitu cha kushikika. Ulikuja na mwanga na kuondoka nao. Wachoraji wa gari jipya waliuona, nao wakazifanya taa zao kuwa nusu duara mbili, moja juu na moja chini, zinazowaka zenyewe. Wamekichukua kilichokuwa bahati ya kioo wakakifanya kuwa taa.

Je, huko ni kuazima? Bila shaka, wametuambia wenyewe walikoazimia. Hata hivyo hatuoni sehemu nyingine ya gari hili iliyo mpya kuliko hiyo. Mwigaji wa kawaida hunakili alichokifanya mzee wake. Hawa walinakili kitu ambacho mzee hakujua kwamba amekifanya, na ili kukiona iliwabidi wasimame mbele ya gari la zamani kwa muda, labda jioni, wakiutazama mwanga unavyotembea juu ya kioo. Ukaziweka taa hizo kando ya ile herufi Z ya kwenye nguzo, iliyobandikwa tu ili tusimsahau baba, utaona kwamba ndani ya gari moja kuna uigaji wa namna mbili usiofanana hata kidogo. Vivyo hivyo na mstari wa rangi ya fedha uliopita ukingoni mwa paa, ambao wachoraji wanasema umetokana na upanga wa katana. Maelezo hayo hayatushawishi. Mstari ni mzuri, nasi tungeupenda vilevile kama usingepewa upanga; maneno ya utaifa yamewekwa juu yake baadaye, kama kibandiko cha bei.

Kwa hiyo tukiulizwa, gari hili limebuniwa au limeazimwa, tutajibu kwamba baba yake, aliyeitwa mwizi, alibuni zaidi kuliko mwana ambaye hakuna aliyethubutu kumwita mwizi. Jaguar ilikuwa jirani, na kwa jirani mtu huazima kwa tahadhari, akijua atadaiwa. Kwa baba mtu huchukua bila kuhesabu. Pua ndefu ilichukuliwa hivyo, na mdomo, na saa tatu. Taa pekee ndizo zilizochukuliwa na mtu aliyekuwa akitazama.