Pima Umeme Kabla ya Kununua Balbu

Ingia duka lolote la vipuri mjini Kitale, uulize balbu ya taa kubwa yenye mwanga mkali zaidi, na utawekewa mezani pakiti za kila namna. Ipo ya kawaida, H4 ya wati 60/55. Ipo iliyopakwa rangi ya samawati, pakiti yake ikiahidi nyongeza ya asilimia 100. Ipo ya wati 100/90, na siku hizi ipo ya LED yenye feni ndogo mgongoni. Mteja hulinganisha bei na ahadi, kisha huchukua ile anayoamini itamtoa gizani. Uamuzi huo huwa umefanywa mapema mno. Kitu cha kwanza kujua ni kiasi cha umeme kinachoifikia balbu uliyo nayo tayari, na kazi tuliyoifanya kwenye pikapu moja inaonyesha ni kwa nini.

Pikapu yenyewe ni Toyota Hilux ya zamani, inayobeba mahindi na maziwa kati ya Kitale na Bungoma kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye. Anayeendesha njia hiyo usiku anajua anachokabiliana nacho: bodaboda isiyo na taa ya nyuma, watu wanaotembea kando ya lami wakiwa wamevaa nguo nyeusi, na ukikaribia mashamba ya miwa, trekta linalovuta trela lisilo na hata kibandiko kimoja cha kuakisi. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari humaliza mita 22 kila sekunde. Mwenye gari alikuwa amekwisha kubadilisha balbu bila nafuu yoyote, na alipofika gereji alijua anachotaka.

“Fundi, niwekee zile za wati mia.”

“Mzee, hizi zako bado nzima. Tupime kwanza.”

Mita ilivyosoma

Kipimo chenyewe ni chepesi. Injini inanguruma, taa za chini zimewashwa, na mita inawekwa kwanza kwenye vichwa vya betri, halafu kwenye miguu ya balbu huku inawaka. Kuwaka ndiko muhimu, kwa sababu waya mbovu ukipimwa bila mzigo husoma vizuri kabisa. Kwenye betri tulipata volti 13.8. Kwenye balbu tulipata 11.7. Zaidi ya volti mbili zilikuwa zinapotelea njiani.

Ili kuelewa uzito wa pengo hilo, tazama jinsi balbu hizi zinavyopimwa kiwandani. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayozihusu huipima H4 kwa volti 13.2. Hapo taa ya chini inatakiwa kutoa lumeni 1000 na taa ya juu lumeni 1650, na nafasi ya kupanda au kushuka ni asilimia 15 tu. Lakini mwanga wa halojeni haupungui sambamba na volti. Hupungua kwa kasi zaidi, takriban kwa kipeo cha 3.4. Kwa hesabu hiyo, balbu inayopata volti 11.7 hutoa lumeni kama 660. Theluthi nzima ya mwanga ilikuwa imetoweka kabla hata reflekta haijafanya kazi yake, na hakuna pakiti dukani ambayo ingeirudisha.

Umeme hupotelea wapi? Katika pikapu nyingi za zamani hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi, hupanda hadi swichi ya kwenye usukani, hurudi mbele kwa waya mwembamba, huingia kwenye soketi, kisha hurudi kupitia eathi iliyofungwa kwa bolti kwenye bodi. Balbu mbili za wati 55 huvuta karibu ampea 9 katika njia hiyo yote. Kila kiungo chenye kutu ya kijani na kila bolti iliyokaa juu ya rangi hutoza ushuru wake. Katika gari hili soketi moja ilikuwa imegeuka kahawia kwa joto, na bolti ya eathi ilizunguka kwa vidole.

Sasa weka balbu za wati 100/90 kwenye njia hiyohiyo. Taa za chini peke yake zingevuta ampea 15. Umeme unaopotea huongezeka kadiri ampea zinavyoongezeka, na joto ndani ya swichi na soketi huongezeka kwa mraba wake, yaani karibu mara 2.7. Pesa za balbu kubwa zingeishia kupasha moto plastiki. Taa nyingi zinazozimika ghafla usiku, gari likiwa safarini, huanzia kwenye soketi iliyoyeyuka namna hiyo.

Njia mpya ya umeme

Dawa ilikuwa rilei mbili, moja ya taa za chini na moja ya taa za juu. Waya mnene wa milimita mraba 2.5 ulitolewa moja kwa moja kwenye betri, fyuzi ikawekwa karibu na betri kadiri ilivyowezekana, na soketi mpya za kauri zikafungwa. Waya za zamani hazikung'olewa. Zilibaki na kazi ndogo ya kuiamsha rilei, kwa hiyo swichi ya usukani sasa inabeba umeme kidogo sana. Eathi ilifungwa upya mahali palipokwanguliwa hadi chuma kikang'aa, kisha pakapakwa grisi.

Hapa kuna mtego mmoja ambao fundi wa Toyota lazima aujue. Toyota nyingi za zamani hukata umeme wa taa upande wa hasi: chanya hukaa kwenye soketi muda wote, na swichi hufungua au kufunga njia ya kurudi. Seti ya rilei iliyotengenezwa kwa magari yanayokata upande wa chanya haitafanya kazi ipasavyo ikichomekwa tu. Pima soketi taa zikiwa zimezimwa. Ukikuta chanya imesimama pale, unahitaji mpangilio mwingine wa waya.

Baada ya kazi hiyo mita ilisoma volti 13.4 kwenye balbu zilezile za zamani. Hesabu ya kipeo inasema mwanga umepanda kwa karibu asilimia 60, bila kununua balbu hata moja.

Kioo, kisha balbu

Kinachofuata ni taa yenyewe. Kioo cha plastiki kilichogeuka manjano hung'arishwa kwa msasa laini wa maji, kuanzia namba 800 hadi 2000, kisha hupakwa dawa ya kung'arisha na kizuia jua. Reflekta iliyobabuka kwa maji haitengenezeki. Taa hiyo ibadilishwe. Unaponunua taa nzima, tafuta alama ya herufi E ndani ya duara, kisha tafuta mshale. Ukisimama mbele ya gari ukitazama taa, mshale unaoelekea mkono wako wa kulia unaonyesha taa ya nchi zinazoendesha upande wa kushoto, kama Kenya. Taa yenye E isiyo na mshale ni ya nchi zinazoendesha kulia. Itainua mwanga kuelekea dereva anayekuja na kumwacha gizani mtembea kwa miguu aliye ukingoni mwako.

Ndipo tulipofika kwenye balbu. Kwa kuwa kanuni inaruhusu nafasi ya asilimia 15 tu, balbu halali ya “nyongeza ya asilimia 100” haiwezi kutoa mwanga maradufu. Inachofanya ni kubana uzi wake ili sehemu fulani ya barabara ipate mwanga zaidi. Faida hiyo ni ya kweli, lakini hulipiwa kwa umri: uzi huwaka kwa joto zaidi na hukatika mapema. Volti nazo zina bei yake, kwani ziada ya asilimia 5 tu hupunguza maisha ya balbu karibu nusu. Rangi ya samawati ni chujio, na chujio hula mwanga. Ya wati 100/90 tuliiacha kwa sababu ya joto lake, na kwa sababu inamwumiza anayekuja.

LED inastahili maelezo zaidi, maana huvuta umeme kidogo na ina sifa ya kudumu. Tatizo liko kwenye umbo. Ndani ya H4, uzi wa taa ya chini umekaa juu ya kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiangukie nusu ya chini ya reflekta. Reflekta nzima imepigiwa hesabu kwa uzi huo, mahali hapo hapo. Ukiweka vijiwe vya LED vyenye upana tofauti, mwanga hutawanyika: ukuta wa gereji unameremeta, lakini mwanga unaofika mbali hupungua na dereva wa mbele hupofuka. Uingereza iliweka wazi tangu Januari 2021 kwamba gari lenye taa za halojeni zilizobadilishwa kuwa LED halifaulu ukaguzi wa MOT.

Tulichagua H4 za wati 60/55 zenye kioo cheupe na alama ya E, zote mbili kwa pamoja ili taa zilingane. Zilishikwa kwa kitambaa safi, kwa sababu mafuta ya vidole huunguza kioo cha halojeni.

Kulenga, na gunia la mahindi

Hatua ya mwisho ndiyo inayorukwa zaidi. Gari liliegeshwa mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani. Tukapima kimo cha kitovu cha taa, tukakichora ukutani, na mstari wa juu wa mwanga wa chini ukawekwa sentimita 10 hadi 15 chini ya alama hiyo.

Hata hivyo, pikapu haisafiri tupu. Magunia kumi ya kilo 90 ni kilo 900, na springi za nyuma huketi. Kwa gari lenye mita 3 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, nyuma ikishuka sentimita 5 pua huinuka karibu digrii moja. Digrii hiyo inatosha kufuta sentimita zote ulizoshusha ukutani, na mwanga uliolengwa kwa uangalifu utapita juu ya lami na kuingia machoni mwa wengine. Kama gari lina kitufe cha kushusha taa kwenye dashibodi, kitumie kila unapopakia. Kama halina, lenga taa likiwa na mzigo linaoubeba usiku.

Kwa hiyo mpangilio wa matumizi ya pesa uwe huu: kipimo cha mita, waya na eathi, kioo, balbu, kisha kulenga. Dereva wa bodaboda unayepishana naye Kamukuywa ana haki ya kuiona barabara yake sawasawa na wewe. Kazi ikifanywa kwa mpangilio huo, kila mmoja wenu ataiona.