Zimwi Lisiloonekana: Hadithi ya Oganda na Mnyama wa Hobley

Hadithi fupi ya Grace Ogot iitwayo "The Rain Came", iliyotoka katika mkusanyo wa Land Without Thunder mwaka 1968, imehakikiwa sana kwa upande wa kafara na nafasi ya mwanamke. Jambo moja limepitiwa juujuu tu, nalo ni zimwi lenyewe. Oganda, binti wa pekee wa mtemi Labong'o, anapelekwa ziwani amezwe ili mvua inyeshe. Watu wa kijiji wanamuaga kwa nyimbo, naye anashika njia peke yake kuelekea majini. Hata hivyo, tangu mwanzo wa hadithi hadi mwisho wake hakuna anayeliona zimwi hilo. Halina kichwa, halina mkia, halina rangi. Osinda anamwokoa mpenzi wake, wanakimbia, na mvua inanyesha. Msomaji anabaki hajui kama zimwi limenyang'anywa windo lake au halikuwako kamwe.

Ukimya huo unapata uzito ukilinganishwa na yale yaliyoandikwa na Wazungu juu ya ziwa lilo hilo. Mwaka 1910 Mmarekani Edgar Beecher Bronson alitoa kitabu cha safari zake za uwindaji, In Closed Territory, ambamo mwindaji John Alfred Jordan anasimulia kiumbe alichodai kukiona katika mto Maggori, yaani Migori: magamba mwilini, madoa kama ya chui, meno mawili marefu, na urefu wa futi kumi na nne au zaidi. Mwaka 1913 C. W. Hobley, mtawala wa kikoloni aliyepata kutumikia Kisumu, alichapisha makala juu ya wanyama wasiotambulikana katika jarida la chama cha elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda. Hobley pia ndiye aliyeeleza habari za Sir Clement Hill, ambaye, alipokuwa akisafiri kwa chombo cha moshi karibu na mlima Homa, inasemekana alimwona mnyama akijaribu kumnyakua mtu aliyeketi gubetini.

Mwanalugha hana budi kuyatazama majina. "Dingonek" latajwa na Bronson kuwa jina la Walumbwa, yaani Wakipsigis, ambao ni watu wa nyanda za juu wala si wavuvi wa Nyanza. "Lukwata" ni neno la Waganda, wa ng'ambo ya pili ya ziwa. Majina mawili ya watu wawili tofauti, moja la mtoni na moja la ziwani, yalikusanywa katika jalada moja, na hapo akazaliwa mnyama mmoja. Mjaluo wa Kisumu, ambaye huliita ziwa hilo Nam Lolwe, hakuchangia jina lolote katika jalada hilo. Ni ajabu kwamba waandishi wa baadaye waliendelea kuyaunga majina hayo bila kuuliza swali hili jepesi.

Nadharia za kumweleza mnyama huyo hazihitaji kurasa nyingi. Mamba, chatu, fisi maji na kamongo, ambaye hupanda juu kuvuta hewa, kila mmoja ametosha kumtisha mtu jioni. Mbuta hawezi kuhesabiwa, kwa kuwa aliletwa ziwani katika miaka ya 1950, baada ya Hobley kwisha kuandika. Nadharia ya mnyama wa kale aliyesalia kilindini ndiyo dhaifu kuliko zote: uchunguzi wa matope ya chini umeonyesha kwamba ziwa lilikauka na kujaa tena yapata miaka 15,000 iliyopita, na hata leo kina chake hakizidi sana mita 80. Hapakuwa na kilindi cha kumficha.

Visakale vya Wajaluo vyenyewe vyasema nini? Huko Gwassi husimuliwa Nyamgondho, mvuvi maskini aliyemvua mwanamke mkongwe katika mtego wake, akatajirika, akamtukana, na mwanamke akarudi majini na mifugo yote ikimfuata. Karibu na Kendu Bay liko ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambapo inasemekana kijiji kizima kiligharikishwa kwa kumnyima ukarimu mwanamke mzee aliyepita. Katika visa vyote viwili nguvu ya maji ina sura ya bibi kizee, nayo huja kuhukumu. Haina meno. Hata Omieri, chatu wa Nyakach aliyeungua moto mwaka 1987 na kufa, watu walimhusisha na mvua na mavuno mema, wala hawakumhesabu kuwa dubwana.

Ogot, aliyesema kwamba kisa cha Oganda alikisikia utotoni kwa bibi yake, anasimama upande wa visakale hivi na si upande wa Hobley. Ndiyo sababu tafsiri ya Kiswahili ina hatari yake. Mfasiri akiandika "joka", amekwisha kulipa zimwi magamba na mkia, na mnyama wa mto Maggori ameingia kwa mlango wa nyuma. "Mnyama" humpeleka msomaji mbugani. "Zimwi" lafaa zaidi, ingawa kwa Mswahili wa mwambao zimwi ni mla watu wa ngano, ndugu yake Apul-Apul wa Wajaluo, mwenye maneno na hila. Hapo upatanisho wa sarufi si jambo dogo. "Zimwi anamngoja Oganda" humfanya kuwa mtu mwenye nia. "Zimwi linamngoja" huacha giza lilivyo. Methali ya zimwi likujualo halikuli likakwisha imeshika njia hii ya pili, lakini zimwi la methali lamjua mtu wake, na la Ogot halionyeshi kumjua Oganda hata kidogo. Wanaomjua ni wahenga.

Tofauti hiyo imo katika tendo la Osinda. Vazi la majani analomvika msichana ni la kumkinga na macho ya wahenga na ghadhabu ya zimwi. Wahenga wamepewa macho. Zimwi limepewa ghadhabu tu, na mfasiri asiliongezee kitu.