Nani hasa asiyejua kusoma picha?

Muhula uliopita mhadhiri wetu alitupa zoezi lililoonekana jepesi: kila mwanafunzi alete picha moja, aisome, kisha aandike kurasa tatu kuhusu maana yake. Wenzangu wengi walikimbilia mitandaoni. Mmoja alichagua bango la filamu, mwingine picha ya Ngome ya Yesu iliyopigwa kutoka baharini. Mimi nilikwenda Kibokoni, Mji wa Kale, kwa bibi yangu mzaa mama, nikamwomba anifungulie sanduku lake.

Nilijua ndani mna picha yake ya usichana, aliyoipiga studioni hapa mjini. Ni picha nyeusi na nyeupe, ndogo kuliko kiganja. Bibi amesimama, kanzu yake imembana kiunoni, nywele amezisuka, mkono mmoja ameuweka juu ya redio iliyo mezani. Nyuma yake pana pazia lililochorwa bustani na ngazi za jumba. Macho yake hayatazami kamera. Yanatazama kando, na midomo imefungwa kama anayezuia neno.

Nikaandika kurasa zangu tatu kwa usiku mmoja. Redio, nilisema, ni ishara ya usasa. Jumba lililochorwa ni ishara ya ndoto za tabaka la chini. Macho yanayokwepa kamera ni ishara ya mwanamke aliyefundishwa kunyenyekea mbele ya mwanamume mwenye kamera. Niliridhika sana na sentensi ile ya mwisho. Kesho yake nikaenda kumsomea Bibi, nikitarajia sifa.

Alicheka hadi akashika mbavu.

"Redio gani, mwanangu? Ile haikuwa na kitu ndani, ni kasha tu. Kila msichana wa mtaa huu ana picha na redio ile."

"Na macho je, Bibi? Mbona unatazama kando?"

"Nalikuwa namtazama dadangu. Alikuwa amesimama pale kanishikia buibui langu, akinichekesha. Huoni? Tazama vyema kwa hayo mato yako."

Akaweka ukucha kwenye pembe ya chini ya picha. Pale palikuwa na weusi ambao mimi niliudhani ni doa la dawa za kusafishia picha. Ilikuwa ncha ya buibui. Mara picha nzima ikageuka mbele yangu. Mwanamke niliyemwona ananyenyekea alikuwa msichana anayejizuia kucheka, na nje kidogo ya fremu alikuwapo dada yake, ambaye sikumwandikia hata neno moja.

Nilipokuwa narudi nyumbani nilikumbuka kisa tulichosomeshwa darasani. Marshall McLuhan, msomi wa Kanada, alikieleza katika kitabu chake The Gutenberg Galaxy cha mwaka 1962, akimnukuu John Wilson wa London. Wanakijiji fulani Waafrika walionyeshwa filamu fupi kuhusu usafi na namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Ilipokwisha, wakaulizwa wameona nini. Wakajibu: tumeona kuku. Waliotengeneza filamu wakashangaa, kwani hawakujua kuwa mna kuku ndani yake. Ikawabidi waikague picha kwa picha, na kweli, kwa muda wa sekunde moja hivi, kuku alikuwa amekatiza pembeni.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi kama ushahidi kwamba Mwafrika wa kijijini hakujua kutazama filamu. Kwamba jicho lake lilidaka kipande, likaikosa hadithi. Fikra hiyo haikuanza na Wilson. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, Tanganyika, Waingereza waliendesha mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika, wakatengeneza filamu 35 na kuzizungusha Afrika Mashariki na kwingineko. Msingi wa mradi ule ulikuwa imani kwamba mtazamaji Mwafrika anahitaji filamu za aina yake: za polepole, nyepesi, zisizomchanganya.

Lakini hebu tukisome kisa cha kuku upya. Upande mmoja wapo wataalamu walioipiga filamu, wakaikata, wakaiunga, wasione kuku. Upande wa pili wapo wanakijiji walioitazama mara moja tu, wakamwona. Nani hapo asiyejua kusoma picha? Nakiri kwamba katika habari ya sanduku la Bibi, mimi ndiye niliyekuwa mtaalamu wa London. Buibui lilikuwa kuku wangu.

Lugha yetu ina neno linalonisaidia hapa. Kwa Kiswahili, "sura" ni uso au umbo la kitu, na "sura" pia ni mlango wa kitabu. Katika Kiarabu, tulikoyachukua, hayo ni maneno mawili tofauti: moja huandikwa kwa herufi sad, jingine kwa sin. Sisi tuliyaleta pwani yakafanana matamshi, na sasa uso na mlango wa kitabu vina jina moja. "Taswira" nayo imetoka katika shina lile lile la sura ya uso. Kwa hiyo Mswahili anaposema anasoma sura ya mtu, lugha yenyewe inamkumbusha kwamba uso husomwa kama kitabu husomwavyo: kwa mpangilio, kwa subira, na bila kurukia ukurasa wa mwisho.

Shuleni hatukufunzwa hivyo. Mpenzi msomaji, ikiwa ulifanya mtihani wa fasihi katika nchi hii, bila shaka uliwahi kuulizwa: "Eleza taswira mbili katika shairi hili." Nawe ukajibu kwa orodha. Taa ni matumaini. Giza ni ujinga. Bahari ni maisha. Tunaingia chuoni na orodha hiyo mfukoni, na tunapokutana na picha au filamu tunaitoa na kuanza kubandika: hiki ni usasa, kile ni ukandamizaji, kile pale ni ukoloni mamboleo. Huko si kusoma. Ni kubandika lebo kwenye chupa ambayo hujaonja kilichomo.

Kusoma picha, nadhani sasa, huanza na maswali ya kawaida kabisa. Ilipigwa wapi? Nani alilipa? Vitu hivi ni vya nani? Nani yuko nje ya fremu? Mombasa ina mifano mizuri. N. V. Parekh, mpiga picha wa asili ya Kihindi, alikuwa na studio mjini humu katika miongo ya kati ya karne iliyopita, na picha zake zimefika hadi kwenye maonyesho ya Marekani. Mtazamaji wa huko anaweza kustaajabia mikao ya wateja wake, mkono shavuni au shingo iliyoinamishwa. Mtu wa Mombasa wa rika la Bibi hastaajabu. Anajua mikao mingi ya namna hiyo ilitoka kwenye sinema za Kihindi zilizokuwa zikionyeshwa mjini. Vivyo hivyo kwa wapiga picha wa kivukoni Likoni katika miaka ya 1990, waliokuwa na vibanda vyenye mapazia ya meli na ndege. Asiyeuliza ataandika kuhusu ndoto za kuhama. Anayeuliza ataambiwa pia kwamba wengi wa wateja walikuwa vibarua kutoka bara, na kwamba picha ile ilikuwa barua ya kupeleka nyumbani: niko pwani, ni mzima, mambo si mabaya.

Sisemi kwamba mwenye picha ndiye mwenye neno la mwisho. Wenye picha husahau, huficha, na wakati mwingine hutunga. Bibi mwenyewe huenda ameitia chumvi habari ya dada yake. Tena lile kasha la redio bado lina la kusema: kwa nini mwenye studio aliweka redio pale, asiweke kinu? Alijua wateja wake wanatamani kuonekana na nini. Kwa hiyo neno langu "usasa" halikuwa uongo mtupu. Kosa langu ni kwamba nilianza nalo, likanifunga macho nisione kilichokuwamo pichani.

Filamu moja ya hapa kwetu imelielewa jambo hili kuliko kurasa zangu tatu. Ni Watatu, ya mwaka 2015, iliyoongozwa na Nick Reding na kutolewa na shirika la sanaa la S.A.F.E. Kenya. Inahusu Mombasa, kijana anayevutwa na itikadi kali, na mjomba wake askari polisi anayehangaika kumrudisha. Hadithi ya namna hiyo ni rahisi kuibandika lebo, na kwa mji wetu lebo hiyo imekuwa na gharama: kofia na kanzu zimewahi kutosha kumfanya kijana asimamishwe njiani. Lakini filamu haiishii kwenye hadithi. Inatuonyesha watazamaji wa mtaani wakipewa nafasi ya kuingilia kati na kusema mhusika angefanya nini tofauti. Pale mtazamaji anajibu, anapinga, anasahihisha. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu yenye uzito zaidi katika filamu nzima, kwa sababu inawachukulia watu wa mtaa kuwa wasomaji, si wagonjwa wa kupewa dawa. Watu wa mradi wa Vugiri wasingeweza kuitengeneza filamu kama ile.

Limebaki jambo moja, na ndilo lililonigharimu. Baada ya kicheko kwisha, niliandika upya kurasa zangu, kisha nikamwomba Bibi picha ile niipige kwa simu, niiambatishe, niionyeshe darasani.

"Nani ataiona?" akauliza.

Nikamtajia: mhadhiri, wenzangu arobaini hivi, wanaume kwa wanawake.

Akafunga sanduku. Hakukasirika. Alisema tu kwamba alivua buibui kwa ajili ya picha, hakulivua kwa ajili ya darasa. Picha ile ilipigwa iangaliwe na dada, mashoga, na mume aliyekuja baadaye. Nilitaka kubishana, kisha nikakumbuka harusi zetu, ambapo kwenye kupamba simu hukusanywa mlangoni ili bibi harusi aonekane na waliomo ukumbini tu. Nikakumbuka pia watalii wa Mji wa Kale wanaompiga picha mama yeyote apitaye na buibui, bila salamu, na jinsi Bibi anavyorudisha dirisha anapowasikia. Nani aione na nani asiione ni sehemu ya maana ya picha, sawa na redio, sawa na pazia. Nami ni mjukuu wake, nimeruhusiwa kuiona. Ruhusa hiyo haikuwa yangu kuigawa.

Nikawasilisha insha bila picha. Mhadhiri akaniuliza mbele ya darasa: "Picha iko wapi?" Nikajibu kwamba iko Kibokoni, sandukuni, na mwenyewe hakuridhia. Nikaongeza kwamba Roland Barthes, tuliyemsoma muhula huo huo, katika kitabu chake cha mwisho kuhusu upigaji picha, cha mwaka 1980, anaizungumzia kwa kurasa nyingi picha ya mama yake alipokuwa mtoto, na hatuonyeshi. Aliona kwamba kwetu sisi wengine ingekuwa picha kama picha nyingine. Mhadhiri alinyamaza kidogo, kisha akasema hoja ni nzuri lakini zoezi lilitaka picha. Nikakatwa alama tano kati ya thelathini.

Sikudai nirudishiwe. Zoezi lilikuwa lake, na sharti lake lilikuwa wazi. Lakini nadhani vyuo vyetu vinavyofundisha filamu na picha vina deni la kufikiria zoezi la namna nyingine: mwanafunzi aende na picha kwa mtu anayeijua, aandike alichokiona yeye, kisha aandike alichoonyeshwa na mwenzake, na tofauti kati ya mawili hayo ndiyo isahihishwe.

Ijumaa nilimpelekea Bibi insha yangu ikiwa na wino mwekundu. Akaniuliza alama tano ni nyingi kiasi gani. Nikamwambia si nyingi. Akafungua sanduku, akatoa picha nyingine ambayo sikuwahi kuiona: wasichana wawili, redio ile ile katikati.

"Haya," akasema, "sasa nambie huyu waona anacheka nini."