Jina la Mchapuko na Herufi Zake

Msamiati usiopimwa huharibu fikira njema. Katika somo la fizikia, neno mchapuko lastahili kuangaliwa kwa makini. Sikio la Mswahili likisikia kuchapuka hufahamu kuongeza mwendo, wala si jingine. Basi mwanafunzi akiambiwa kuwa gari lipitalo kwenye kona kwa kasi isiyobadilika lina mchapuko, hukataa. Na kwa kufuata neno, ana haki. Kwa kufuata fizikia amekosa, kwani mchapuko ni kadiri ya badiliko la velositi kwa wakati, nayo velositi ni kasi pamoja na mwelekeo wake.

Ndiyo sababu wataalamu huugawa mchapuko sehemu mbili. Ya kwanza hufuata njia yenyewe, nayo hubadili kasi. Ya pili huikata njia kwa pembemraba, nayo hubadili mwelekeo. Tuseme kona ina nusukipenyo cha mita 100, na gari lina kasi ya mita 20 kwa sekunde. Sehemu ya pili ni mraba wa kasi uliogawanywa kwa nusukipenyo, yaani 4. Dereva akishika breki, kasi ikapungua kwa mita 3 kwa sekunde kila sekunde, mchapuko mzima si 7, wala si 1, bali ni 5, kwa kanuni ya Pythagoras.

Lawama yangu ya pili ni juu ya herufi. Kuitaja sehemu hiyo ya pili, wengine huweka n chini ya herufi a, wengine c, wengine r, kana kwamba zote ni sawa. Sivyo. Ya kwanza yataja mstari uikatao njia. Ya pili, kuelekea kitovu. Ya tatu, kutoka kitovuni kwenda nje, hata jibu likahitaji alama ya kutoa. Katika duara mistari hii hulala pamoja, na kosa halionekani. Lakini sayari huzunguka Jua katika duaradufu. Mchapuko wake huelekea Jua daima, ila hauikati njia kwa pembemraba isipokuwa mahali pawili tu: ilipo karibu kabisa na ilipo mbali kabisa. Newton, aliyetunga jina la nguvu ielekeayo kitovu, alilitumia katika Principia, mwaka 1687, kwa ajili ya sayari hizo pia.

Neno mchapuko limekwisha kuzoeleka, na silikatai. Ila mwanafunzi, kabla ya kuandika herufi yoyote, na aseme kwanza: mchapuko upi, na kuelekea wapi?