Kutibu, Kukinga, Kuhami: Istilahi za Dawa za Miti na Ini

Tangu mwaka 1974, utafiti wa tiba asili ulipopewa kitengo chake Muhimbili, wataalamu wetu wamekuwa wakizipima katika maabara dawa za miti zinazotumiwa na waganga. Baadhi ya vipimo vya aina hiyo duniani huuliza swali moja: je, mti fulani waweza kulizuia ini lisidhuriwe na dawa za hospitali? Makala haya hayahakiki vipimo vyenyewe, bali Kiswahili ambacho kwacho matokeo huelezwa kwa wananchi.

Tuchukue mlonge, mti usio mgeni kwa wakazi wa Kibiti na delta ya Rufiji. Mwaka 2008 watafiti wa Malaysia walitangaza matokeo ya kuwapa panya ziduo la majani yake, miligramu 200 au 800 kwa kila kilo ya uzito, kisha parasetamoli gramu 3 kwa kilo. Vimeng'enya ambavyo huvuja kutoka katika seli za ini zinapoharibika vilikuwa na kiwango cha chini katika damu ya panya hao kuliko ya wale waliopewa parasetamoli peke yake. Habari ya namna hii ikifupishwa husomeka hivi: "Mlonge unatibu ini." Sentensi hiyo ina makosa matatu.

Kosa la kwanza ni kitenzi. Kutibu ni kushughulikia ugonjwa uliokwisha kuingia, lakini panya hawa walitangulizwa ziduo kabla ya madhara. "Kukinga" nalo halitoshi, kwani kinga imekwisha kuzoeleka katika habari za chanjo, na homa ya ini aina ya B ina chanjo yake. Naona "kuhami" lafaa zaidi. Twasema kuihami nchi, yaani kuilinda isifikiwe na dhara. Na fundi umeme hutumia jina kihami bila taabu. Mfamasia naye na aseme kihami-ini.

Kosa la pili ni jina la kitu kilichopimwa. Mganga huchemsha, huloweka au hutwanga. Maabara ilizidua kwa maji na spiriti, ikapima kipimo kwa miligramu. Mchemsho si ziduo. Kuviita vyote "mlonge" ni kumwaminisha msomaji kwamba sufuria ya nyumbani kwake imekwisha kupimwa. Wala ziduo si neno la kuogopwa. Ni ndugu wa uziduaji unaotajwa katika habari za madini na gesi.

Kosa la tatu ni ini lenyewe. Mwenye macho ya njano husema ana manjano. Manjano ni dalili: yaweza kuletwa na virusi, na dawa, na kuziba kwa mirija ya nyongo, hata na kuvunjika kwa chembe nyekundu za damu. Mganga akisema mti wake ni wa manjano, mwandishi hana haki ya kuandika kwamba ni wa ini lililodhuriwa na dawa.

Jambo hili si la wanaistilahi peke yao. Mgonjwa wa kifua kikuu hutumia kwa miezi kadhaa dawa ambazo miongoni mwake zimo isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, na zote tatu zaweza kulidhuru ini. Akiamini kwamba upo mti unaotibu ini, macho yakigeuka njano atabaki nyumbani akinywa mchemsho, badala ya kurudi zahanati upesi ili dawa zake ziangaliwe upya.

Itasemwa kwamba mvuvi wa Nyamisati halijui neno kihami-ini. Ni kweli, wala hapana haja ya kumlazimisha. Istilahi ni ya wataalamu; mvuvi aandikiwe sentensi kamili: "Panya waliopewa ziduo hili kabla ya parasetamoli, ini lao halikuharibika sana kama la wenzao; jaribio halikufanywa kwa binadamu." Ni ndefu kuliko "mlonge unatibu ini", lakini haimdanganyi mtu. Nashauri basi maneno kuhami, ziduo na mchemsho yajadiliwe na kusanifiwa pamoja, kila moja na mpaka wake, kabla mazoea hayajayachanganya.