Ukanda Ule Ungekomea Kifuani

Ukanda wa kung'aa haukupaswa kuvuka kifua. Fundi tuliyemtazama akifunga chambo cha trauti, nimfu ya ndoano namba 16, alianza vizuri: mkia mfupi, tumbo jembamba linalonenepa kuelekea kwenye ushanga wa kichwani. Kisha akauvuta ukanda wa fedha kutoka mkiani hadi nyuma ya ushanga, akafunika mgongo mzima, akaupaka gundi tabaka mbili. Hapo ndipo alipoiharibu. Nimfu halisi anayekaribia kutoka majini huvimba na kukoza rangi penye vifuko vya mbawa, na hapo ndipo mng'ao una kazi. Kijipande kidogo juu ya kifua huwaka na kuzimika mkondo unapoibiringisha nimfu, huku tumbo la giza likionyesha umbo. Ukifunika mgongo wote, kifua na tumbo vinapotea. Kinachobaki ni mmeto mmoja usio na mdudu ndani yake.

Watetezi wa fundi huyo watanitajia Copper John, nimfu ya John Barr wa Colorado, inayong'aa mwili mzima na bado inanasa samaki. Waitazame vizuri. Tumbo lake ni waya uliozungushwa mzingo kwa mzingo, kila mzingo una kivuli chake, na waya huohuo unaongeza uzito. Ukanda wenyewe Barr aliuweka juu ya kifua tu, chini ya epoksi. Wengine watasema mto Gura ukichafuka baada ya mvua, mng'ao mwingi unasaidia. Nakubali, lakini fundi alisema chambo hiki ni cha maji maangavu ya kiangazi, ambako trauti ana nafasi ya kukikagua.

Nimelisema hili mara nyingi na nitalirudia: tunafunga kwa ajili ya macho ya mnunuzi. Vyambo vingi vinavyofungwa Kenya huuzwa ng'ambo, na dukani kinachometa ndicho kinachochukuliwa kwanza. Frank Sawyer, mtunza mto Avon kule Wiltshire, alifunga kwa ajili ya samaki: nimfu yake aliitengeneza kwa nyuzi za mkia wa fezanti na waya mwembamba wa shaba badala ya uzi. Hata miguu hakuiweka, kwa kuwa aliona nimfu huogelea ameibana mwilini. Mng'ao wa nimfu hiyo ulikuwa shaba inayochungulia katikati ya nyuzi, basi. Ilizama upesi, na mvuvi alipoinua ncha ya fimbo, ilipanda mbele ya mdomo wa samaki. Hii ya fundi wetu imeongezwa unene wa gundi usio na uzito wa maana. Fimbo inapoinuliwa, bado iko juu ya kichwa cha trauti.