Kuisaka Risasi Ndani ya Damu

Ukimtazama mtaalamu wa maabara anayeijua kazi yake akimtoa mtoto damu ya kupima metali ya risasi, utadhani amesahau kilichomleta. Sindano bado imo ndani ya pakiti. Yeye anamwosha mtoto mikono. Anaosha kwa sabuni na maji yanayotiririka, anasugua hata chini ya kucha, anakausha, anapangusa kidole kwa spiriti, kisha anakishikilia kisije kikagusa nguo wala meza. Akishachoma, tone la kwanza analifuta. Linalofuata ndilo analolikinga, bila kukikamua kidole.

Hachelewi bure. Kule Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliacha risasi kwenye vumbi la mtaa kabla hakijafungwa mwaka 2014. Mahali kama hapo, chembe iliyong'ang'ania ngozi yaweza kulitia tone la damu risasi nyingi kuliko iliyomo mwilini. Na kinachosakwa ni kidogo mno: Shirika la Afya Duniani linataka chanzo kitafutwe damu ikifikia maikrogramu 5 kwa desilita, yaani kama sehemu 50 katika bilioni.

Kwa hiyo kipimo cha kidole kikisoma juu, hurudiwa kwa damu ya mshipa, ndani ya mrija uliothibitishwa kuwa hauna metali. Hupimwa damu nzima, kwa kuwa karibu risasi yote imo kwenye chembe nyekundu.

Maabarani, damu hiyo huzimuliwa na kupulizwa ndani ya mwali wa argoni wenye joto la maelfu ya nyuzi, na mashine huzihesabu atomu za risasi kwa uzito wake. Ni mashine ya ajabu. Lakini mimi nastaajabia zaidi sampuli tupu inayotangulia: maji safi na kemikali zilezile, bila tone la damu. Ikionyesha risasi, mtaalamu mwadilifu husimamisha kazi mpaka ajue imeingilia wapi.

Clair Patterson, mwanakemia wa Marekani, aliishi na swali hilo. Miaka ya 1950 alikuwa akitafuta umri wa dunia kwa kupima risasi, na risasi ya nje ikawa inamvurugia vipimo. Alisugua maabara, akaosha vyombo kwa asidi, akaupata umri: miaka bilioni 4.55. Ile risasi ya nje nayo hakuiachilia. Aliifuatilia hadi kwenye petroli ya magari, akapigania kwa miaka mingi iondolewe.